TAFAKARI YA JUMA: DHAMBI HAIPIMWI KWA MIZANI



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili tunaandika tukiwa na deni. Dominika ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu mwaka huu, tulipokuwa tukiwahimiza waamini kufunga, tulisema mimbarini kwamba wapo miongoni mwetu ambao hata wakifunga Kwaresima tatu mfululizo, akiba waliyoibeba tumboni haitakwisha. Kanisa zima lilicheka. Nasi tulicheka, tukaridhika kwamba mahubiri yamewaamsha waliokuwa wakisinzia. Hatukujua kwamba katikati ya kicheko kile alikuwamo mtu aliyekuwa akitafuta kwa macho mlango wa karibu.

Miezi miwili baadaye mama huyo alikuja ofisini. Hakuja kuungama, alikuja kuaga kwaya. Wanakwaya walikuwa wakishonewa sare mpya, na fundi aliwapima ukumbini, mbele ya wenzao, akitaja vipimo kwa sauti ili msaidizi wake aandike. Ilipofika zamu yake, utepe haukutosha. Mtu mmoja akasema iletwe kamba. Wakacheka, tena kicheko kile kile tulichokianzisha sisi.

Tulipomsihi asiondoke, alituambia yaliyobaki, na baadaye akaturuhusu tuyaandike kwa faida ya wengine. Jina lake, mtaa wake, hata sauti anayoimba tumeviweka kando. Tangu usichana wake, mbele za watu hugusa chakula tu. Usiku, nyumba ikishalala, huingia jikoni bila kuwasha taa: wali uliobaki, ukoko, mkate, hata ugali uliopoa usio na mboga. Hula amesimama, kwa haraka, pasipo njaa, mpaka tumbo limuume. Anasema wakati huo mikono yake huwa kana kwamba ni ya mtu mwingine. Kisha huosha sufuria ili asubuhi watoto wasiulize, hurudi kitandani, hulia. Kwa miaka mingi ameungama jambo hilo kama ulafi, na mara kadhaa amepewa malipizi ya kufunga. Amefunga. Na kila alipofunga, usiku uliofuata ulikuwa mbaya kuliko uliotangulia.

Wapendwa, tunasema kwa uwazi, na kwanza tunajiambia wenyewe: desturi hii ya kuusoma mwili wa mtu kana kwamba ni orodha ya dhambi zake ni kosa. Imani yetu haiifundishi, elimu ya tiba haiungi mkono, na upendo wa kidugu hauwezi kuivumilia. Na walioieneza si wapagani. Ni sisi wahubiri, ni wazee wa jumuiya, ni akina mama wa vyama, ni vijana wa kwaya.

ULAFI NI NINI HASA?

Tuanze nyumbani. Papa Mtakatifu Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, katika ufafanuzi wake wa Kitabu cha Ayubu alizitaja njia tano ambazo mtu huangukia ulafi: kula kabla ya wakati, kutaka vyakula vya gharama, kula kingi mno, kula kwa pupa, na kudai mapishi ya madoido. Mtakatifu Thomas wa Akwino alizifuata njia hizo hizo katika karne ya 13. Zitazameni vema. Katika hizo tano, ni moja tu inayohusu wingi wa chakula, wala hakuna hata moja inayohusu uzito wa mlaji. Mwanamume mwembamba anayemfokea mkewe kwa sababu ya chumvi yumo humo. Padre anayejua ni jumuiya ipi inayopika pilau nzuri, akapanga ziara zake kwa kufuata harufu, yumo pia, hata kama kanzu inampwaya. Na Thomas mwenyewe, kwa mujibu wa mapokeo, alikuwa mtu wa mwili mkubwa. Hakuna aliyemwondoa katika orodha ya watakatifu kwa sababu hiyo.

Tukumbuke pia kwamba Bwana wetu mwenyewe aliitwa mlafi na watu waliomwona akiketi mezani na wenye dhambi. Mathayo ametuandikia hayo katika sura ya 11. Tunaporusha neno hilo kwa wepesi, tujiulize tumelirithi kutoka upande upi wa meza ile.

Tena, dhambi inahitaji utashi. Kila mtoto wa Kipaimara hufundishwa kwamba dhambi ya mauti hudai jambo zito, ufahamu kamili na ridhaa kamili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1735, inafundisha kwamba dhima ya mtu kwa tendo lake yaweza kupungua, hata kuondoka, kwa sababu ya woga, mazoea na mambo mengine ya kinafsi au ya kijamii. Mtume Paulo naye, katika sura ya 7 ya Waraka kwa Warumi, amelia juu ya mtu anayetenda lile asilolitaka. Je, tumewahi kuyasoma maneno yale tukimfikiria mama aliyesimama gizani na sufuria mkononi?

UGONJWA WENYE JINA

Jambo lile mama alilotueleza linajulikana kwa waganga. Mwaka 1959 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Albert Stunkard, aliandika kuhusu wagonjwa wake wanene ambao walikula kwa vipindi, kingi mno kwa muda mfupi, wakiwa wamepoteza uwezo wa kujizuia, kisha wakajuta vikali. Ilichukua zaidi ya miaka 50 hali hiyo kukubaliwa rasmi. Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliiingiza katika mwongozo wake mkuu kama ugonjwa unaojitegemea, na Shirika la Afya Duniani likaiweka katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022. Sisi hapa tutauita ugonjwa wa ulaji wa kupindukia.

Dalili zake ni hizi. Mtu hula, kwa muda mfupi kama wa saa mbili hivi, chakula kingi kuliko ambacho wengi wangekula katika muda huo. Huhisi hawezi kuacha. Hula upesi kuliko kawaida, hula mpaka aumie, hula bila njaa, hula peke yake kwa kuona haya, na baadaye hujichukia. Hayo yakitokea walau mara moja kwa juma kwa muda wa miezi mitatu, bila mtu kujitapisha wala kutumia dawa za kuharisha ili kufidia, madaktari hutambua ugonjwa. Linganisheni dalili hizo na masimulizi ya mama yetu. Hakuwa amesoma kitabu chochote.

Hapa tuwe waangalifu tusije tukatoka katika shimo moja tukaingia jingine. Si kila mnene anaumwa ugonjwa huu. Wengi wao hawaumwi. Wala si kila anayeumwa ni mnene. Mwili hunenepa kwa sababu nyingi, na mojawapo ni urithi. Mwaka 1986 Stunkard huyo huyo na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya watu 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wasio wa damu. Walipopima, waliona kwamba unene au wembamba wa watu hao ulifuatana na ule wa wazazi waliowazaa, si wa wale waliowalisha. Basi anayemtazama jirani yake na kusema anajua anakula nini nyumbani kwake, anasema asilolijua.

MDUARA WA AIBU

Swali kubwa kwetu sisi wachungaji ni hili: kwa nini kufunga kulimzidishia mama yule maradhi?

Jibu limejulikana tangu Vita Kuu ya Pili. Kuanzia mwezi Novemba 1944, Ancel Keys na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota waliwapokea vijana 36 wenye afya, waliojitolea kupunguziwa chakula ili ijulikane namna ya kuwatibu watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa. Walikuwa watu wa dhamiri, waliokataa kushika silaha kwa ajili ya imani na msimamo wao. Kwa miezi sita walilishwa takribani nusu ya mahitaji yao. Wakaanza kuota chakula, kukizungumza mchana kutwa, kukusanya vitabu vya mapishi. Waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula bila kiasi, wakalalamika njaa hali matumbo yamejaa. Vijana hao hawakugeuka kuwa walafi. Mwili ulionyimwa ulikuwa ukidai.

Wala jambo hilo si geni katika Kanisa. Mtakatifu Yohane Kasiano, aliyewaandikia wamonaki mwanzoni mwa karne ya 5, aliwaonya kwamba mfungo uliopita kiasi na ulafi huishia mahali pamoja, na kwamba wengi ambao hawakushindwa na tumbo waliangushwa na ukali wao wenyewe. Mababa wa jangwani walilijua hilo bila maabara. Sisi wenye maabara na Katekisimu tumelisahau.

Basi mduara ni huu. Mtu anachekwa. Anauchukia mwili wake. Ili kuuadhibu, anashinda na njaa. Njaa na huzuni vikikutana usiku, ulinzi unavunjika, anakula bila kujizuia. Asubuhi aibu imeongezeka, naye anaapa kufunga kwa ukali zaidi. Sisi tukimkuta katika mduara huo tukampa dhihaka upande mmoja na malipizi ya kufunga upande wa pili, tumesukuma gurudumu kwa mikono miwili.

Tiba inayotolewa na wataalamu huanza mahali tusipopatarajia. Haianzi na kunyimwa chakula. Huanza na kula: milo ya kawaida, kwa saa zinazojulikana, mchana kweupe, ikiwezekana pamoja na wengine. Kisha mgonjwa husaidiwa kutambua ni huzuni ipi, hasira ipi, upweke upi unaompeleka jikoni, na kuyapima upya mawazo aliyo nayo kuhusu mwili wake. Kula mchana, pamoja na ndugu, bila kujificha: Wakristo tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hilo, sisi ambao sala yetu kuu ni meza.

KIOO TULICHOMPA

Mtu hajioni kwa macho yake peke yake. Hujiona pia kwa maneno aliyoambiwa. Na maneno yetu yana ndimi mbili.

Wenye umri wetu wanakumbuka miaka ya 1980 na 1990, Ukimwi ulipokuwa ukiwamaliza watu Kagera na Uganda. Kukonda kulikuwa hukumu. Mtu akipungua, majirani walinong'ona. Mwenye nyama mwilini alihesabiwa mzima, na kitambi kilikuwa cheti cha mshahara. Mke akikonda, mume aliulizwa kama anamtunza. Hata leo, binti akirudi likizo amepungua, shangazi hushika kifua: mwanangu, una nini?

Lakini binti huyo huyo akifungua simu yake, anakutana na kiuno kilichochongwa na mashine. Kule Fiji, ambako mwili mkubwa uliheshimiwa kwa vizazi, televisheni iliingia katika eneo moja mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa sekondari mwaka huo, hakumpata hata mmoja aliyejitapisha ili apungue. Aliporudi kuwahoji wasichana wa rika hilo mwaka 1998, walikuwa asilimia 11.3. Ilikuwa miaka mitatu tu, na kioo kile kilikaa sebuleni. Cha kwetu kinalala mtoni pamoja na mtoto.

Wakati huo huo miili yetu inabadilika kweli. Takwimu za kitaifa za Tanzania zinaonyesha kwamba wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri walikuwa asilimia 18 mwaka 2004–05, na walifika asilimia 28 mwaka 2015–16. Maana yake, katika kila benchi la akina mama kanisani yupo anayeguswa na kila utani tunaoutoa. Tunawaita bonge, kibonge, tipwatipwa, tena kwa tabasamu, tukidai ni mapenzi. Ulimi hauna mfupa, lakini yule anayetajwa hurudi nyumbani na neno lile, na usiku hulitafuna pamoja na ukoko.

LAKINI, PADRE...

Tunajua watakaosema: sasa paroko anahalalisha ulafi. Je, kisukari hakiui? Shinikizo la damu je?

Vinaua, ndugu zetu. Sisi tunaopeleka Mpako wa Wagonjwa wodini tunavijua kwa majina ya waliolala pale. Hatusemi unene uliokithiri hauna madhara, wala hatuwaambii watu wasitembee, wasipunguze soda na mafuta. Mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na hekalu hutunzwa. Lakini hekalu halitunzwi kwa kulitupia mawe. Tuonyesheni mtu mmoja aliyepona kisukari kwa kuchekwa. Mwaka 2020 wataalamu kutoka nchi mbalimbali walitoa tamko la pamoja wakieleza kwamba kuwanyanyapaa wanene huwadhuru mwili na nafsi, na huwafanya wakose tiba. Anayeogopa kuchekwa kwenye mizani ya kliniki haendi kliniki. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli. Ila tujiulize ni nani aliyemfundisha kuficha.

Na ulafi ubaki na jina lake. Mwenye kujilimbikizia sahani tatu harusini huku watoto wa jirani wakilamba vidole mlangoni, huyo na aungame. Tunachokataa ni kumhukumu kwa kiuno.

Tunawageukia pia wafanyabiashara wa aibu. Nguzo za umeme mtaani zimejaa matangazo ya chai za kukata tumbo na vidonge vya kupunguza mwili kwa siku chache. Jueni kwamba dawa iitwayo fenfluramine iliondolewa sokoni Marekani mwaka 1997 baada ya kuhusishwa na uharibifu wa vali za moyo, na kwamba sibutramine iliondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya moyo na kiharusi. Hizo zilikuwa dawa zilizopimwa na kuandikwa na madaktari. Sibutramine imekutwa mara nyingi imefichwa ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba. Na wale wanaouza mafuta ya maombi ya kupunguza unene, tunawaambia bila kuzunguka: mnachuma fedha katika jeraha.

TUNALOAZIMIA

Maneno bila matendo ni debe tupu. Kwa hiyo, baada ya kuzungumza na Halmashauri ya Walei, parokia yetu imeazimia haya:

Kwanza, sare za kwaya na za vyama vyote zitapimwa faraghani, mmoja mmoja, na vipimo havitatajwa kwa sauti. Kitambaa cha ziada kitalipwa na mfuko wa kwaya, si na mwenye mwili.

Pili, hakuna utani juu ya mwili wa mtu mimbarini, katika matangazo, wala katika jumuiya. Paroko akikosea tena, mwenyekiti wa Halmashauri amepewa ruhusa ya kumkemea siku hiyo hiyo.

Tatu, kuhusu kufunga. Sheria ya Kanisa huwafunga waliotimiza miaka 18 hadi watakapoingia mwaka wa 60, kwa siku mbili: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Nayo huruhusu mlo mmoja kamili na vitafunio vidogo mara mbili. Haijaagiza mtu ashinde na maji. Mgonjwa hafungwi na sheria hiyo, na mwenye ugonjwa huu ni mgonjwa. Mfungo wake uwe wa namna nyingine: sadaka, sala, kumtembelea mfungwa. Nasi tumewaomba mapadre wenzetu wanaotusaidia kuungamisha wasitoe malipizi ya kufunga kwa jambo hili.

Nne, atakayejitambua katika maandishi haya asijifungie. Aulizie huduma ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa iliyo karibu naye. Wataalamu ni wachache, tunajua, na safari yaweza kuwa ndefu. Akitaka wa kumsindikiza, ofisi ya parokia iko wazi.

Na kwako wewe unayesoma haya peke yako usiku: Mungu hakukuumba kisha akageuza uso. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nasi tumekihubiri kitanda chako pasipo kukilalia. Tunakuomba msamaha, kwa maandishi, kama tulivyokukosea hadharani.

Mama yetu hajarudi kwaya. Anasali Misa ya kwanza, anaketi benchi la nyuma, na tangu mwezi uliopita ameanza kwenda kliniki. Dominika iliyopita alipanda kupokea Ekaristi, jambo ambalo hakulifanya tangu siku ile ya kicheko chetu. Tulipomwinulia Hostia aliitika Amina kwa sauti iliyosikika. Nafasi yake katika mstari wa waimbaji tumewaagiza wasiijaze.

Mungu awabariki, na awape juma la amani.

Wenu katika Kristo,
Paroko